Bahasha ya kaki

(Kabla hujasoma: haya niliyaandika usiku wa kuamkia siku ya wakili. Sikuyaweka hapa siku ile. Nilimwonyesha wakili kwanza, akayasoma yote, akakata mistari kadhaa, akasema haya mengine weka tu. Kwa hiyo ukikuta pengo, ujue ni yeye.)

Wadau, najua nimekuwa kimya tangu chuo kifunguliwe, hadi wengine mkaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani, nipo. Nipo hapa hapa Mkwawa, Iringa, mwaka wa tatu ualimu, Historia na Kiswahili, baridi ile ile na maharage yale yale. Kilichoninyamazisha ni jambo la nyumbani.

Kesho saa nne asubuhi mimi na mama tunaenda kuonana na wakili wa mambo ya uraia na uhamiaji. Ni mara ya kwanza katika ukoo wetu mtu kukaa na wakili bila kuwa na kesi ya shamba. Mama kafika jioni hii kutoka Mkula. Kapanda basi la Ifakara hadi Mikumi, akabadilisha pale, akapanda Kitonga akiwa amefumba macho njia nzima, na sasa kalala Kihesa kwa mama mmoja wa kwetu aliyeolewa huku. Mimi nipo rumu na bahasha ya kaki mapajani. Ruumeti wangu kalala. Usingizi sina, basi nawaandikia ninyi.

Nianze mwanzo.

Mama yangu kazaliwa Nakonde, mwaka 1980. Kwa msiopajua, Nakonde ndiyo upande wa pili wa Tunduma. Ukivuka mpaka tu umeshafika Zambia, na hapa katikati huoni mto wala mlima, ni maduka na malori. Mama ni Mnyamwanga, na Wanyamwanga wapo pande zote mbili. Utotoni kwake, anasema, mtu alikuwa anatumwa chumvi Tunduma na anarudi kabla maji hayajachemka.

Baba alikuwa mkulima wa mpunga, mtu wa Mkula wa siku zote. Mkula yetu ipo chini ya milima ya Udzungwa, kwenye barabara ya kwenda Ifakara, na maji ya mlimani yanashuka kwenye mifereji ya mradi wa umwagiliaji hadi mashambani. Msimu ukiisha baba alikuwa anapakia magunia ya mchele kwenye treni ya TAZARA pale Mang'ula, anayashusha Tunduma. Huko ndiko alikompata binti mmoja aliyekuwa anamnunulia mama yake mchele wa genge, na ambaye kila safari alikuwa anambishia bei. Baba alikuwa akisimulia kwamba alioa ili apumzike kubishiwa. Hakupumzika.

Mwaka 2000 mahari ikapelekwa, mama akapanda treni na sanduku moja la bati, akashuka Mang'ula usiku wa manane. Tangu siku hiyo hajaishi kwingine. Mimi nikazaliwa 2002, mdogo wangu 2006. Reli hiyo ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Wachina na Watanzania na Wazambia pamoja, na darasani tunafundishwa kwamba lengo lake lilikuwa kuifungulia Zambia njia ya bandari isiyopita kwa makaburu. Kitabu hakisemi kwamba ilileta na mama zetu.

Kwa nini anatafuta wakili leo, baada ya miaka yote hiyo?

Kwa sababu baba alifariki mwaka 2017, nikiwa sekondari. Baba akiwa hai, mama alikuwa "mama fulani", basi. Hakuna aliyeuliza. Alichangia ujenzi wa madarasa, aliimba kwaya, alikuwa mhazini wa kikundi chao cha kukopeshana, alipika misibani. Baba alipoondoka mambo yakaanza kujitokeza moja moja.

La kwanza likawa simu. Mnakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Bila namba ya NIDA husajiliwi kama raia, na mama hana NIDA. Akakaa miezi akiazima simu ya jirani. Nilipopata namba yangu nikasajili laini mbili, moja yangu na moja yake. Mpaka leo ukimtumia mama hela linatokea jina langu. Wanakikundi wake wakimlipa wanatania, "Mwalimu kapokea." Yeye anacheka. Mimi sikuwa nacheka, maana nilijua kisheria ile laini ni yangu, na mama yangu mtu mzima anaishi kwa jina la mtoto.

La pili likawa shamba. Tuna ekari mbili kando ya mfereji. Hizo ekari mbili ndizo zilizonilipia hosteli na kila kitu mwaka wa kwanza kabla mkopo haujatoka. Mwaka juzi ikaja habari ya kuandikisha mashamba ili kila mtu apate hatimiliki ya kimila. Baba mdogo akaja nyumbani, akakaa, akanywa uji, ndipo akasema taratibu: "Shemeji, usinielewe vibaya. Wewe kwenye karatasi si wa hapa. Tukiandika jina lako wataliuliza."

Nilimchukia siku hiyo. Nilimchukia kama wiki mbili hivi. Halafu nikaenda kusoma, nikakuta hakukosea. Sheria za ardhi za mwaka 1999 haziruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Mama yangu na jembe lake si mwekezaji. Baba mdogo angeweza kukaa kimya na kuliandika shamba jina lake mwenyewe. Alikuja kutuambia.

Hofu yenyewe lakini haikuwa shamba. Shamba linaweza kuandikwa jina langu au la mdogo wangu, sisi baba yetu ni Mtanzania na tumezaliwa hapa. Hofu ni kwamba siku moja mtu atagombana na mama kwa sababu ya kuku, aende akaseme neno moja tu ofisini, na mama apelekwe mpakani kwenye nchi ambayo hajaishi kwa zaidi ya miaka ishirini, mama yake hayupo, baba yake hayupo, genge halipo.

[Hapa wakili kakata.]

Januari, Wiki ya Sheria, wakaweka mahema mjini, wanasheria wanatoa ushauri bure kwa yeyote anayepita. Nilikuwa nimeenda mjini kutoa kopi. Nikazunguka lile hema mara tatu. Nikajifanya nasoma mabango. Mwisho mama mmoja wakili akaniita, "Binti, njoo ukae, jua litakumaliza." Nikamwambia nina rafiki yangu ambaye mama yake... Akanisikiliza mpaka mwisho kuhusu huyo rafiki yangu. Halafu akasema, "Mwambie rafiki yako aje na mama yake. Na waje na karatasi zote, hata zile wanazoziona uchafu. Na wasidanganye." Akanipa kadi yake. Akaongeza kwamba ninayomwambia mteja hayatoki nje bila ruhusa yake, Sheria ya Ushahidi inamlinda mteja, kwa hiyo rafiki yangu asiogope. Nadhani alishanijua.

Nikarudi chuo nikaanza kusoma Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 kama nasomea UE. Wenzangu wa sheria mtanisamehe kama nitakosea, mimi ni mwalimu. Nilichoelewa ni kwamba njia zipo tatu: kuzaliwa, kurithi, na tajnisi, yaani kuomba.

Kwanza nikakutana na kifungu cha 11. Mwanamke aliyeolewa na raia ana haki ya kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai. Nikasoma tena. Mumewe akiwa hai. Jamani, miaka kumi na saba baba alikuwa hai! Miaka kumi na saba mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyetuambia kwamba kuna mlango. Baba hakujua, mama hakujua, na hakuna aliyewaficha, ni kwamba tu hawakuwa watu wa kuuliza ofisini. Nilifunga kompyuta ya maabara nikaenda kukaa nje. Sikumwambia mama hilo kwa simu. Nilisubiri likizo.

Njia ya kuomba kawaida ipo. Uwe umekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 kabla ya hiyo miezi uwe umekaa jumla isiyopungua miaka 7. Ujue Kiswahili au Kiingereza. Uwe na tabia njema, na uwe na nia ya kuendelea kuishi hapa. Kwa Kiswahili mama sina wasiwasi, huwa ananisahihisha mimi ninayekisomea digrii. Kwa miaka pia, anayo ya kumwaga. Ila kukaa ni jambo moja, na kukaa kwa kibali ni jambo jingine, na hapo ndipo palipo na maswali yangu ya kesho.

[Hapa kakata tena. Sio mimi.]

Sasa maandalizi yenyewe. Likizo nikaenda nyumbani Mkula na daftari jipya. Usiku wa kwanza mama akafungua lile sanduku la bati alilokuja nalo. Ndani mna vitenge, picha, na mfuko wa rambo, ile ya zamani iliyopigwa marufuku 2019, umefungwa mafundo matatu. Ndani ya rambo kuna kadi ya kijani, kitambulisho chake cha Zambia. Mama wa miaka kumi na minane, nywele fupi, anakodoa macho. Nilikuwa sijawahi kuiona maisha yangu yote. Ameificha mimi nikiwa nalala chumba hicho hicho.

"Nilifikiri wakiiona watanifukuza," akasema.

Nikamwambia kesho kutwa tutaipeleka sisi wenyewe kwa wakili. Akanyamaza. Akaenda kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Kazi iliendelea siku tatu. Kwa yeyote mwenye shida kama yetu, hivi ndivyo vilivyomo kwenye bahasha:

Kadi ya kijani ya mama. Daftari la mahari, limeandikwa kwa kalamu ya bluu, ng'ombe wawili na fedha, majina ya mashahidi wa pande zote, tarehe. Ndoa yao ilikuwa ya kimila na haikusajiliwa, ila wakili aliniambia kwenye hema kwamba ndoa ya kimila ni ndoa, na hata waliokaa miaka miwili au zaidi kama mke na mume, wakijulikana hivyo, Sheria ya Ndoa ya 1971 inawachukulia kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Cheti cha kifo cha baba. Vyeti vya kuzaliwa, changu na cha mdogo wangu. Kadi zetu za kliniki, kuanzia 2002, zina jina la mama na neno Mkula kila ukurasa. Stakabadhi za michango: madarasa, zahanati, maji ya mfereji. Mama hatupi karatasi, huwa tunamcheka kwa hilo, sasa namshukuru Mungu. Barua ya mwenyekiti wa kitongoji kwamba anamfahamu tangu mwaka 2000. Mwenyekiti aliandika huku anauliza, "Kwani huyu si wa hapa?" Alikuwa hajui! Kakaa naye kitongoji kimoja miaka yote hiyo.

Halafu kuna karatasi moja siitaji hapa. Mama aliitoa mwisho, siku ya tatu, baada ya kula. Ni kitu alichojiandikishia zamani kwa sababu kila mtu alikuwa anajiandikisha. Nilipoiona moyo ulipiga. Wazo langu la kwanza, nisiwadanganye, lilikuwa kuichoma. Moto upo, mama yupo, nani atajua. Niliishika mpaka ikalowa jasho. Halafu nikakumbuka "na wasidanganye". Nikaiweka kwenye bahasha, chini kabisa. Wakili akiniambia tumeharibu, basi atuambie tukiwa tumekaa naye, kuliko kuambiwa tukiwa tumesimama kizimbani.

Na kishungi kingine. Pale Ifakara kuna bwana, kishoka, alishamfikia mama zamani. Ana "mtu wake", anaweza kumpatia cheti cha kuzaliwa, amezaliwa Ifakara, kila kitu safi, laki tatu. Mama alikuwa ameshaweka elfu themanini pembeni. "Si karatasi tu mwanangu," akaniambia. Na mimi, mwalimu mtarajiwa wa maadili, nikakuta naanza kuhesabu bumu langu kichwani. Kilichonirudisha si uadilifu. Ni kwamba cheti hicho kingeandikwa jina la mama mwingine, mwanamke wa kutunga wa Ifakara, na bibi yangu wa Nakonde angefutika. Na uraia uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kufutwa siku yoyote, hapo umebaki na kosa na bila uraia. Zile elfu themanini ndizo nauli ya safari hii.

Bibi sasa. Hapa ndipo penye tumaini langu, na naogopa hata kuliandika.

Kazi niliyojipa ni kuandika maisha ya mama kwenye ukurasa mmoja, mwaka baada ya mwaka, kama tunavyofundishwa kupanga matukio. Alizaliwa lini, wapi, alivuka lini, alirudi lini. Mama alijibu vizuri mpaka tukafika safari za kurudi. Mwaka 2004 alienda kumuuguza bibi, wiki tatu. Mwaka 2009 alienda kumzika, siku tisa. Nikauliza, na mwaka 2021, mjomba alipofariki? Nilikuwa nimeandika tayari "2021, siku..." nikaacha nafasi ya kujaza. Mama akasema, "Sikwenda. Andika hakwenda." Alisema aliogopa, mpakani pamebadilika, tangu 2019 kuna kituo kimoja cha nchi zote mbili na watu wanakaguliwa vizuri, alihofu kwamba akitoka hatarudi, na mdogo wangu alikuwa na mtihani. Kaka yake wa pekee. Sisi alituambia anaumwa mgongo ndiyo maana hakusafiri. Nikaandika: hakwenda.

Baadaye nikauliza tu ili tutoke hapo, "Na bibi mwenyewe alizaliwa wapi?" Mama akashangaa swali. "Mbozi. Si aliolewa kuja Nakonde."

Mbozi, wadau. Mbozi ni huku. Mbozi ni Tanzania, sasa hivi mkoa wa Songwe, zamani Mbeya. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Tanganyika na akaolewa ng'ambo, yaani mtaa wa pili. Kifungu cha 6 kinasema aliyezaliwa nje ya nchi, kama wakati huo baba au mama yake ni raia, anaweza kuwa raia kwa kurithi. Baba AU mama! Nilipiga kelele mpaka mbwa wakabweka.

Tukampigia bibi mdogo, mdogo wake bibi, yupo Tunduma. Baada ya siku mbili mjukuu wake akatuma picha: cheti cha ubatizo cha bibi, kanisa la Moravian, Mbozi. Kimeliwa na mchwa pembeni lakini jina linasomeka.

Sijafurahi sana lakini, kwa sababu nimesoma na kifungu kinachofuata. Nchi yetu hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Ukifika miaka 18 ukiwa na uraia wa nchi mbili, inabidi uukane ule mwingine, usipofanya hivyo unaupoteza wa Tanzania. Mama alifika 18 mwaka 1998 akiwa anauza mchele gengeni, na mwaka huo huo ndipo alipochukua kadi ya kijani. Je, alipoteza kitu ambacho hakujua anacho? Na bibi, alipoolewa Nakonde, aliendelea kuwa Mtanzania? Na kama njia hiyo imeziba, tukiomba tajnisi, ile miaka aliyokaa bila kibali itamsaidia au itamfunga? Na je, kwenda kuuliza ofisini ni sawa na kujisalimisha? Na shamba tuliandike vipi huku tukisubiri? Haya ndiyo maswali yangu matano. Nimeyaandika mstari mmoja mmoja, na kila moja nimeliachia nafasi ya jibu. Wakili anatupa saa moja, sitaki nitumie nusu saa kulia.

Muhula uliopita nilipokuwa BTP nilifundisha kugawanywa kwa Afrika. Nikaandika ubaoni: mkataba wa Helgoland, 1 Julai 1890, Waingereza na Wajerumani wanachora mpaka kati ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika. Mwanafunzi mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, wale waliokuwa wanakaa pale kwenye mstari waliulizwa?" Nikajibu hapana, nikaendelea, kipindi kilikuwa kinaisha. Jibu langu lilikuwa sahihi na angepata maksi zote. Usiku huu namwona yule mtoto, na namwona bibi anatumwa chumvi.

Ruumeti wangu ni wa Kigoma. Nilipomsimulia haya hakushtuka hata kidogo. "Kwetu hilo swali la 'wewe wa wapi' tunaulizwa kabla ya habari ya asubuhi." Akanikumbusha wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya 160,000 waliopewa uraia wa Tanzania, ilikubaliwa 2010 na vyeti wakaanza kupewa 2014. "Laki moja na sitini walipata," akasema, "mama yako mmoja watashindwa?" Nikamwambia wale walikuja kama wakimbizi, wakaandikishwa, wanajulikana. Mama yangu alikuja kama mke. Akasema basi lala.

Jioni nilipomfikisha mama Kihesa nilimkuta ameshatoa nguo ya kesho na kuinyoosha: kitenge cha kwaya. Nikamwambia mama, wakili si kanisani. Akasema, "Nataka aone kwamba nina watu." Halafu akaniuliza, kwa sauti ndogo kama anayeuliza njia: "Akiniuliza mimi ni wa wapi, nimjibu nini?"

Nikamwambia ajibu alivyozaliwa na alivyoishi, vyote viwili. Akarudia polepole, kama mwanafunzi: Nakonde, halafu Mkula. Nakonde, halafu Mkula.

Saa nane kasoro. Alamsiki wadau. Mtuombee.

*

Nyongeza, wiki mbili baadaye. Tulienda. Saa moja ikawa saa moja na nusu. Wakili hakuanza na karatasi, alimuuliza mama amekunywa chai. Ile karatasi ya chini aliisoma, akaiweka pembeni, akasema tutalizungumza, na mmefanya vizuri kuileta. Mlango wa mke wa raia alisema tusipoteze muda nao. Ile picha ya cheti cha ubatizo aliivuta kwenye simu mpaka herufi zikawa kubwa kama vidole, kisha akatutuma: tutafute chenyewe, na barua ya kanisa yenye muhuri kutoka kwenye kitabu chao. Hakuahidi kitu. Alisema njia ya bibi ina mashimo na njia ya kuomba ina mashimo, na kwamba atajua tupite ipi akishaona hicho kitabu. Mpaka hapo mama asiende ofisi yoyote peke yake, na asimlipe mtu yeyote.

Mlangoni akamwambia mama, "Mama, umetunza karatasi vizuri kuliko ofisi nyingi." Mama hajaacha kulisema hilo. Sasa hivi yupo Mkula anapalilia, na bibi mdogo yupo Tunduma anatafuta mtu wa kwenda Mbozi. Nikipata habari nitawaambia.